Usiulize Neno Ni Nini, Uliza Linafanya Kazi Gani

   

Katika ukurasa wetu wa masomo leo nataka tuzungumzie aina za maneno katika Kiingereza. Najua kuna mtu hapo ameshaanza kufunua ukurasa unaofuata: "Aina za maneno? Hayo si tuliyamaliza shule ya msingi?" Subiri kwanza ndugu yangu, usiniache njiani. Kwa mwaka na zaidi sasa nimekuwa nikikaa na wenzangu kupitia insha zao kabla hazijaenda kwa mwalimu, na pia baada ya kurudishwa. Mtu unakuta hoja zake ni nzuri, vitabu amesoma, takwimu anazo, lakini insha imerudi na wino mwekundu pembeni: "word form", "word form", halafu chini kidogo "fragment". La kwanza maana yake neno ulilochagua ni hilo hilo, ila umbo ulilolivalisha silo la mahali hapo. La pili maana yake ulichoandika hakijafika kuwa sentensi. Alama mbili hapa, tatu pale, na haba na haba hujaza kibaba: mtu anashuka daraja zima kwa jambo ambalo hakuna mtu aliyekaa naye akamweleza.

Makosa yote hayo mzizi wake ni mmoja, nao ni aina za maneno. Kwa hiyo hebu tulimalize leo.

TUANZE NA NYUMBANI

Sote tulikaririshwa zile aina nane: nomino, kiwakilishi, kivumishi, kitenzi, kielezi, kiunganishi, kihusishi na kihisishi. Tukapewa na alama zake: N, W, V, T, E, U, H, I. Wenzetu wana majina yao: nomino ni "noun", kiwakilishi ni "pronoun", kivumishi ni "adjective", kitenzi ni "verb", kielezi ni "adverb", kiunganishi ni "conjunction", kihusishi ni "preposition" na kihisishi ni "interjection". Hapa hapa pana mtego wa kwanza. Kwetu herufi V ni kivumishi. Ukifungua kamusi ya Kiingereza, "v" iliyo pembeni ya neno ni kitenzi! Kivumishi wao wanaandika "adj". Ukiisoma kamusi yao kwa alama zetu, utapotea kabla hujaanza safari.

Mgawanyo huu ni wa zamani mno. Mgiriki mmoja, Dionysius Thrax, ndiye anayetajwa kuandika kitabu kidogo cha sarufi, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, akagawa maneno ya lugha yake katika makundi manane. Katika manane yake vivumishi havikuwa na kundi lao, vilikuwa ndani ya nomino. Warumi walipoichukua elimu hiyo wakakuta Kilatini hakina maneno kama "the", wakalifuta kundi hilo na kuweka vihisishi, ili hesabu ibaki nane. Kisha Waingereza wakachukua kutoka kwa Warumi. Kitabu cha kwanza cha sarufi ya Kiingereza kilichochapwa, cha William Bullokar, kilitoka mwaka 1586. Nayasema haya ili usishtuke ukikuta kitabu kimoja kinahesabu aina nane na kingine tisa au kumi. Makundi haya ni vyombo vya kazi, yametengenezwa na watu, na kila fundi hupanga sanduku lake. Vitabu vingi vya siku hizi kwa mfano vinayaweka "the", "a", "this" na "every" katika kundi lake peke yake, wakati vya zamani viliyaita vivumishi.

KANUNI YA KUBEBA

Sasa tuje kwenye kiini cha somo. Angalia sentensi hii ya Kiswahili: "Vitoto vile vidogo vinacheza." Kila neno limevaa sare. Ule "vi" unakuonyesha nani ni ndugu wa nani, na "vinacheza" limebeba nafsi na wakati ndani yake, huwezi kulikosea. Liweke mwanzo, liweke mwisho, litabaki kuwa kitenzi.

Kiingereza hakina sare hizo, au kinazo chache sana. Neno linakuja kifua wazi. Chukua neno "round". Tazama:

"We sat at a round table." Hapa ni kivumishi, linaieleza meza.
"He lost in the second round." Hapa ni nomino, ni raundi ya mashindano.
"She turned round." Hapa ni kielezi, linasema aligeuka vipi.
"The shop is round the corner." Hapa ni kihusishi, linaonyesha duka liko wapi kwa kulinganisha na kona.
"Round the answer to two decimal places." Hapa ni kitenzi: kadiria jibu lako.

Neno moja, herufi tano, kazi tano. Sasa mtu akikuuliza "round" ni aina gani ya neno, jibu sahihi ni hili: nionyeshe kwanza sentensi. Kanuni ndiyo hiyo, ibebe mfukoni: usiulize neno ni nini, uliza linafanya kazi gani hapo lilipo.

Na ukitulia utaona kanuni hii si ngeni kwako. Katika somo la Kiswahili sekondari tulifundishwa kwamba "mtoto huyu amekuja" ina "huyu" ambacho ni kivumishi, lakini "huyu amekuja" ina "huyu" ambacho ni kiwakilishi. "Vitabu vizuri" ni kivumishi, "anaimba vizuri" ni kielezi. Ni jambo lile lile. Tofauti ni kwamba kwetu hutokea kwa maneno machache, kwa Waingereza ni kila siku asubuhi na jioni.

Kwa nini wao wamekuwa hivyo? Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita Kiingereza nacho kilikuwa na viambishi vingi mwishoni mwa maneno. Nomino "upendo" ilikuwa "lufu" na kitenzi "kupenda" kilikuwa "lufian". Karne zikapita, miisho ikalegea, ikaanguka, na leo yote mawili ni "love". "Jibu" lilikuwa "andswaru" na "kujibu" ilikuwa "andswarian", leo yote ni "answer". Sare zilipoanguka, kazi ya kutambulisha maneno ikabebwa na mpangilio wa sentensi. Ndo maana katika Kiingereza mahali neno lilipokaa ni nusu ya maana yake.

VIPIMO VYA MKONONI

Haya, utajuaje kazi ya neno? Usitegemee zile tafsiri za utotoni kwamba "nomino ni jina la mtu, mahali au kitu". Neno "arrival", yaani kufika, ni mtu? Ni kitu? Tumia vipimo hivi, vinafanya kazi hata kwenye chumba cha mtihani.

Kipimo cha nomino: weka "the" au "my" kabla ya neno. "The arrival", "my decision", "the growth". Likikubali na maana ikakaa, hapo ni nomino. Miisho nayo husaidia: "-tion", "-ment", "-ness", "-ity". Kumbuka "the" inakuahidi kwamba nomino iko njiani, ila huenda isiwe neno la pili yake. Katika "the very old wooden house" lazima usubiri mpaka mwisho.

Kipimo cha kitenzi: lipeleke jana. "Prices fall" ukiipeleka jana inakuwa "Prices fell". Basi "fall" hapo ni kitenzi. Lakini katika "a fall in prices" huwezi kuipeleka jana kokote, hiyo ni nomino. Kipimo kingine ni kuliweka neno baada ya "will" au "can". Katika sentensi kamili ya insha lazima upate angalau kitenzi kimoja kinachobeba wakati. Ukikikosa, ndipo unapoandikiwa "fragment".

Kipimo cha kivumishi: liweke kati ya "the" na nomino, kisha baada ya "seems". "The tired student", "the student seems tired". Vingi hukubali pia "very" mbele yake, ila si vyote: hakuna anayesema "very annual report".

Kipimo cha kielezi: jaribu kulihamisha. "Slowly, the economy recovered." "The economy slowly recovered." "The economy recovered slowly." Vielezi vingi vina miguu, vinatembea, na sentensi haivunjiki. Lakini mwisho wa "-ly" usikudanganye: "friendly" na "lovely" ni vivumishi. Na kuna vielezi visivyo na "-ly", kama "fast" na "hard". Hapa kuna hatari ya kweli. "He works hard" maana yake anafanya kazi kwa bidii. "He hardly works" maana yake hafanyi kazi, ni kama hayupo. Fikiria hiyo ikiwa kwenye barua ya kumdhamini mwenzako aombe kazi!

Kipimo cha kiwakilishi: je, neno hilo limesimama badala ya kundi zima la nomino? "My old teacher from Tabora arrived" inakuwa "He arrived". "He" imechukua nafasi ya maneno yote matano, haikuchukua "teacher" peke yake. Jihadharini na "This" inayoanza sentensi. Ukiandika "This shows that..." msomaji anajiuliza: "Nini hicho kinachoonyesha?" Andika "This increase shows that..." na hoja yako itasimama wima.

Kipimo cha kihusishi: baada yake lazima nomino au kiwakilishi kifuate. "During the war", "with them", "despite the rain".

Kipimo cha kiunganishi: "and" na "or" huunganisha hata maneno mawili matupu. Lakini vile vinavyoleta sababu au wakati, kama "because", "although" na "while", hudai sentensi ndogo yenye kitenzi chake. "Because the rains failed", "while prices were rising".

Kihisishi hakina shida: "Oh!", "Ouch!" Na kwenye insha ya chuo hukihitaji kabisa, labda siku ya kupokea matokeo.

MITEGO YETU SISI

Sasa tuje kwa makosa yanayotuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki hasa. Nimeyachagua manne kwa sababu nayakuta kila wiki.

Mtego wa kwanza ni kuchanganya nomino na kitenzi chake katika vihusishi. Tunapenda sana kuandika "discuss about", "request for", "emphasise on", "lack of". Kwenye redio zetu, kwenye hotuba, kila mahali utasikia "we discussed about the matter". Chanzo chake kinaonekana wazi ukijua aina za maneno. Nomino hizi zinapenda kihusishi: "a discussion about land", "a request for help", "an emphasis on health", "a lack of water". Vitenzi vyake havikitaki: "we discussed land", "they requested help", "the report emphasises health", "the villages lack water". Kwa hiyo kabla hujaweka kihusishi, jiulize: hapa nimetumia nomino au kitenzi? Kama kitenzi kinaenda moja kwa moja kwa kitu chake, kiache kiende. Kwetu vihusishi ni vichache, na kazi yake mara nyingi inafanywa ndani ya kitenzi. "Amenipikia" tayari ina "kwa ajili yangu" ndani yake. Kwa hiyo sikio letu halina mahali pa kushika, linakisia tu.

Mtego wa pili ni "ingawa... lakini". Kwa Kiswahili ni sawa kabisa kusema "Ingawa mvua ilinyesha, lakini mavuno yalikuwa haba." Kiingereza kinataka kiunganishi kimoja tu kwa kazi hiyo. Ama "Although it rained, the harvest was poor", ama "It rained, but the harvest was poor". Ukiweka vyote viwili ni sawa na kufunga gunia moja kwa kamba mbili zinazovutana. Hapo hapo angalia jamaa zake: "although" ni kiunganishi, inafuatwa na sentensi, "despite" ni kihusishi, inafuatwa na nomino. "Although prices rose", lakini "despite the rise in prices". Vivyo hivyo "while" na "during", "because" na "because of". Na "however"? Inafanana na "but" kwa maana, ila kwa kazi ni kielezi, haiunganishi sentensi mbili. Ukiandika "The plan was good, however it failed" mwalimu atapiga mstari. Weka nukta au nuktamkato kabla ya "however", kisha mkato baada yake.

Mtego wa tatu ni familia za maneno. Kiswahili kinajenga familia vizuri: soma, somo, msomaji, usomaji, msomi. Kiingereza nacho kinayo: "succeed" ni kitenzi, "success" ni nomino, "successful" ni kivumishi, "successfully" ni kielezi. Tatizo ni kwamba sisi hatuna vivumishi vingi, tunatumia "-a" ya uhusiano: ukuaji wa uchumi, chama cha siasa. Kwa hiyo mtu anatafsiri kichwani na kuandika "economy growth" na "politics party". Kiingereza kinacho kivumishi tayari: "economic growth", "political party". Lakini ngoja, usikimbilie kusema nomino haiwezi kukaa mbele ya nomino. Inaweza: "bus stop", "student magazine", "food prices". Hapo nomino ya kwanza inafanya kazi ya kueleza na ya mwisho ndiyo yenyewe hasa. Ndo maana "milk chocolate" ni chokoleti iliyotiwa maziwa na "chocolate milk" ni maziwa yaliyotiwa chokoleti. Ila pale ambapo watu wameshazoea kivumishi, tumia hicho. Ushauri wangu: kila unapojifunza neno jipya la fani yako, liandike na familia yake yote kwenye daftari. Ukiandika "analyse", weka na "analysis", "analyst", "analytical". Neno peke yake ni yatima.

Mtego wa nne ni wa masikio. Mkazo wa Kiswahili karibu daima unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, haujali hiyo ni nomino au kitenzi. Kiingereza kina maneno mengi ambayo mkazo ndio unaotofautisha. "REcord" ni nomino, "reCORD" ni kitenzi. "PREsent" ni zawadi au wakati wa sasa, "preSENT" ni kuwasilisha. "INcrease" nomino, "inCREASE" kitenzi. Unaposimama mbele ya darasa kuwasilisha kazi yako, tofauti hii inawasaidia wasikilizaji kukufuata bila kurudi nyuma. Mengine hubadilika kwa herufi: "advice" ni ushauri, "advise" ni kushauri. Hapa Uingereza "practice" ni nomino na "practise" ni kitenzi. Ndugu zetu walioko Marekani wao huandika "practice" kwa yote mawili, kwa hiyo fuata desturi ya nchi unayosoma.

SIYO INSHA TU

Mtu asidhani haya ni ya kuandikia insha pekee. Aina za maneno zinakusaidia kusoma, na kuna mahali ambapo kusoma vibaya kuna gharama.

Tuanze na swali la mtihani: "Account for the marked fall in cotton exports." Ukilisoma harakaharaka unaona akaunti, unaona alama, unaona kuanguka. Sasa pima. "Account" imeanza sentensi, haina "the" mbele yake, ni amri: basi ni kitenzi, na ikiwa na "for" maana yake "eleza sababu". "Marked" imekaa kati ya "the" na nomino: kivumishi, maana yake "unaoonekana wazi". "Fall" imefuata kivumishi na "the": nomino, yaani mshuko. Kwa hiyo swali linasema: eleza sababu za mshuko mkubwa wa usafirishaji wa pamba. Aliyeorodhesha takwimu za pamba mwaka hadi mwaka bila kutaja sababu hajajibu, hata akijaza kurasa tano.

Halafu mkataba wa nyumba. "The tenant shall not let the room." Wengi tunaijua "let" ya "let me go", yaani kuruhusu. Hapa kitenzi kimekwenda moja kwa moja kwenye nomino "the room": maana yake mpangaji asipangishe chumba kwa mtu mwingine. Ukimkaribisha binamu yako akakulipa nusu ya kodi, umeshavunja mkataba uliotia sahihi. Au barua: "Objections must be lodged within 14 days." "Lodge" kama nomino ni nyumba ya wageni, lakini hapa iko baada ya "must be": ni kitenzi, nacho maana yake ni kuwasilisha rasmi. Una siku 14, ndugu, usikae ukishangaa nyumba ya wageni imefuata nini humo.

Na kwa wanaohudhuria vikao vya umoja wa wanafunzi: kitenzi "table" hapa Uingereza maana yake ni kuleta hoja mbele ijadiliwe. Marekani maana yake ni kuiweka kando isijadiliwe sasa. Kujua kwamba ni kitenzi kunakufikisha mlangoni, kinachobaki ni kujua uko nyumba ya nani.

Kwa wadogo zetu wanaojiandaa na mtihani wa IELTS: katika yale maswali ya kujaza nafasi, kabla hujasikiliza au kusoma, angalia nafasi yenyewe inataka nini. Kama kabla yake kuna "the" na baada yake "of", tafuta nomino. Kama kabla yake kuna "to" na baada yake kitu kinachotendwa, tafuta kitenzi. Umeshapunguza kazi nusu.

ZOEZI

Chukua kalamu. Kwanza, taja kazi ya kila neno katika sentensi hii: "After the long meeting, the new chair will chair the discussion well, but she seems tired."

Pili, sahihisha hizi:
1. "We discussed about the results."
2. "Although the sample was small, but the results were clear."
3. "Despite the government spent more, prices rose."
4. "Her advise was useful."
5. "The country has a slow economy growth."
6. "Because the rains failed in that year."

Usichungulie majibu kwanza. Jaribu.

Haya, majibu. Sehemu ya kwanza: "After" kihusishi, kwa kuwa kinafuatwa na kundi la nomino, kingefuatwa na sentensi kingekuwa kiunganishi. "Long" kivumishi. "Meeting" nomino, ingawa imetoka kwenye kitenzi, kama "kusoma" kwetu inavyoweza kuwa nomino katika "kusoma kwake kunanifurahisha". "New" kivumishi. "Chair" ya kwanza nomino, yaani mwenyekiti. "Will" kitenzi kisaidizi. "Chair" ya pili kitenzi, yaani kuongoza kikao. "Discussion" nomino. "Well" kielezi. "But" kiunganishi. "She" kiwakilishi. "Seems" kitenzi. "Tired" kivumishi. "The" zote tatu ni za lile kundi linalotangaza kwamba nomino inakuja.

Sehemu ya pili: 1. Ondoa "about". 2. Ondoa "but". 3. Badili "Despite" iwe "Although", au andika "Despite more government spending, prices rose". 4. "Advice". 5. "Slow economic growth", bila "a". 6. Ina kitenzi, lakini "because" imeifanya iwe tegemezi na hakuna ya kuitegemea. Ipe mwenzake: "Because the rains failed in that year, food prices doubled."

Ukipata zote, hongera sana, njoo unisaidie kupitia insha za wenzetu. Ukikosa mbili tatu, usivunjike moyo. Kabla hujapeleka insha yako inayofuata, chukua ukurasa mmoja tu, pigia mstari kila kitenzi kinachobeba wakati, halafu angalia kila kihusishi kimefuata neno gani. Ni kazi ya dakika kumi na tano. Tumetoka mbali, wengine familia zimeuza ng'ombe na shamba ili tufike hapa, basi zile alama za bure tusiziache mezani.

Nawatakia kila la heri katika mitihani.